Sura ya Nne: Ukurasa Usio na Maneno

Mnakili wa nota alitolewa mahabusu saa mbili na robo asubuhi, viatu vyake havina kamba. Alitembea akivikokota ili visimtoke, akaketi mbele ya meza ya Inspekta na kuweka mikono juu bila kuambiwa. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kwa wino.

Inspekta hakumpa pole. Alimsogezea kikombe cha chai, akafungua faili.

"Mwendesha mashtaka analitaka faili hili saa nane mchana. Likimfikia kama lilivyo, kesho unasimama mbele ya hakimu kwa wizi. Kwa hiyo tusipotezeane muda, baba. Huo wimbo uliopotea ulishawahi kuuona?"

"Niliuona, Afande. Jumatatu jioni. Mama Nota alinionyesha, nikaupitia harakaharaka, akaurudisha ndani ya kiti cha piano na kukifunga."

"Kurasa ngapi?"

"Nane."

Inspekta alitazama maelezo ya mlalamikaji. Mama Nota, mtunzi wa muziki, alikuwa ameandikisha hivyo hivyo: kurasa nane za wimbo wa mwisho wa mchezo wake wa jukwaani, nakala moja tu, penseli, ndani ya kiti cha piano chenye kifuniko na kitasa. Jumanne saa tatu asubuhi alifungua kiti, wimbo haupo. Mchezo wenyewe ulikuwa uanze Jumamosi. Leo Jumatano.

"Kitasa hakikuvunjwa," alisema. "Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja wa Mama Nota, mmoja wangu."

"Na daftari la getini linasema Jumanne uliingia ukumbini saa moja kamili, ukatoka saa moja na nusu ukiwa na begi, ukaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa pili, kwa wanaotayarisha mchezo wao nao wa hadithi za kale. Unaona unavyoonekana?"

"Naonekana mwizi. Nilifuata kalamu zangu tu."

"Wewe ni mwizi?"

Mnakili alikunywa chai kidogo kwanza. "Afande, kazi yangu ni hii: mtu anatunga kitu, kipo kimoja tu duniani, ananikabidhi mimi nikakinakili ili wapiga ala kumi na wawili wawe nacho. Nimefanya miaka ishirini na mitatu. Sina ofisi, sina bango. Nina jina tu. Nikifikishwa kwa hakimu hata nikashinda, hakuna atakayenipa karatasi yake tena. Watasema, yule bwana aliwahi kuwa na mambo. Kwa hiyo hata ukiniachia tu, hujanisaidia."

"Unataka nini sasa?"

"Nataka ijulikane nani alichukua."

Inspekta alifunga faili. Alikuwa na saa tano na dakika chache.

* * *

Alianza na ukumbi wa pili kwa sababu ndiko kila mtu alikokuwa anaelekeza kidole. Meneja wa pale alikuwa mtu mnene mwenye haraka. Alimtolea begi la Mnakili kutoka chini ya meza kabla hajamaliza kujitambulisha.

"Aliliacha hapa jana alipokimbilia kelele za jirani, akakamatwa huko huko. Sijaligusa. Angalia mwenyewe."

Inspekta aliliangalia. Kalamu nne, chupa ya wino, rula, miwani, na kurasa thelathini na moja zilizonakiliwa kwa mwandiko safi. Alisoma maneno yaliyoandikwa chini ya nota: Sungura anamwambia Fisi apige mswaki.

"Huu ndio mchezo wenu?"

"Ni wa watoto wa chekechea," meneja alisema. "Dakika ishirini na tano. Wakizidisha hapo wanaanza kulia wanataka choo. Ule wa akina Mama Nota ni wa watu wazima, zimwi linaimba peke yake robo saa. Nikiiba wimbo wao, Afande, namwimbia nani? Sungura?"

"Mnakili amewahi kukuletea cha wengine?"

"Huyo?" Meneja alicheka. "Nilimwomba aninong'oneze tu mchezo wao unaishaje. Akaniambia ninunue tiketi."

Inspekta aliandika jibu hilo, akamtaka atie saini, akatoka na begi.

* * *

Mama Nota alimngojea jukwaani, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mkoba begani kama mtu aliye tayari kuondoka. Nyuma yake kulikuwa na dirisha kubwa la mbao lisilo na ukuta. Mazoezi yalikuwa yamesimamishwa mpaka mchana.

"Umezipata?"

"Nimepata Sungura na mswaki. Kaa, mama. Nieleze ninyi wawili mnatungaje."

Walikuwa wawili kweli, na watu wote wa ukumbini waliwajua kwa majina hayo tu: Mama Nota wa muziki na Mama Maneno wa maneno. Walikuwa mawifi. Mama Maneno alikuwa mke wa kaka yake Mama Nota. Walikaa nyumba moja, wakaanza kuchukua hadithi walizosimuliwa utotoni na kuzitia nyimbo, na kaka alipokufa wakaendelea. Hii ilikuwa kazi yao ya sita.

"Kuna kamba ya nguo sebuleni," Mama Nota alisema. "Wifi anaandika jioni. Kila mstari kwenye kipande chake cha karatasi, anakibana kwenye kamba kwa kibanio cha nguo. Akitaka mstari upande juu, anausogeza. Akitaka ufe, anaushusha. Mimi naamka kabla yake. Chochote nitakachokikuta kwenye kamba nikinywa chai ya asubuhi, ni changu. Nakipa sauti. Na kikishapata sauti, hakuna wa kukishusha, si yeye si mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bila hiyo sheria tungekuwa tumeshauana. Mchezo wa kwanza tulibadilisha wimbo mmoja mara arobaini. Tukaapa. Miaka kumi na tisa haijavunjwa." Alitabasamu kidogo. "Jumapili alijaribu. Eti wimbo wa mwisho uondolewe, ataandika mwingine. Nikamwambia, wifi, kamba ni kamba."

"Ulimwuliza sababu?"

"Tukianza kuulizana sababu hatutamaliza mchezo."

"Wimbo unahusu nini?"

"Mama wa kambo. Kwenye hadithi, mama mzazi wa Binti amegeuzwa njiwa. Kila asubuhi anakuja dirishani kumwita mwanawe, na mama wa kambo anafunga dirisha. Ukiisikia kwa bibi yako, mwishoni mama wa kambo anamezwa na zimwi, watoto wanapiga makofi, mnalala. Wifi akasema huyu wetu asimezwe mpaka aseme alichofanya. Ndio wimbo wenyewe. Ni bora kuliko vyote tulivyowahi kutunga, na sikumbuki hata nusu yake. Mimi nikishaandika, kichwa kinafuta."

Inspekta aliinua kifuniko cha kiti cha piano. Kilikuwa kimejaa: karatasi za nota, vipande vya penseli, kitambaa cha mkono, pakiti ya peremende za kikohozi.

"Jana baada ya kuona wimbo haupo, ulitoa hivi vyote?"

"Niliona zile za juu hazipo, nikapiga kelele. Mnakili alikuwa ndiye wa kwanza kufika."

"Na ukamwita mwizi."

Mama Nota alihamishia mkoba bega la pili. Inspekta alitoa karatasi zote na kuzipanga sakafuni kwa safu, kama anavyopanga mama anayetafuta soksi iliyokosa mwenzake. Zilikuwa hamsini na mbili. Yeye mwenyewe hakujua nota hata moja.

"Nitajie moja moja. Ni nini, ya lini."

Mama Nota alipita juu ya safu. Hii ya zamani. Hii wimbo wa zimwi, nilioutupa. Hii ya mchezo wa nne, sijui inafanya nini hapa. Hii orodha ya sokoni, usicheke. Alipofika safu ya tano alisimama. Aliinama, akaokota ukurasa mmoja wenye nota tupu juu mpaka chini, bila neno hata moja, akaketi kwenye piano, akaupiga. Ilikuwa sauti ya mtu anayetembea polepole kuelekea mahali asipotaka kufika.

"Huu ni ukurasa wa nne," alisema. "Wa wimbo wa mwisho. Hapa mama wa kambo ananyamaza. Anatembea mpaka dirishani. Muziki ndio unaosema."

"Kwa hiyo hazikuchukuliwa nane. Zimechukuliwa saba."

"Inaelekea."

"Mtu akiwa na hizo saba bila hii, anafanya nazo nini?"

"Hakuna kitu. Ni kama kuiba shati ukaacha mgongo wake."

"Zilikuwa zimebanwa pamoja?"

"Zimelazwa tu, moja juu ya nyingine."

"Na hazina namba."

"Mimi siweki namba. Mnakili ndiye huweka akianza kazi."

Inspekta alichuchumaa kando ya safu zake. "Nisikilize vizuri. Mwizi mwenye haraka anabeba rundo lote. Huyu hakubeba rundo. Alipitia kurasa moja moja, akatoa alizoona ni za wimbo, hii akaiacha na zile kuukuu. Mnakili Jumatatu aliupitia wimbo wote. Angeiacha?"

Mama Nota aliendelea kuzitazama funguo za piano, nyeupe na nyeusi.

"Hata kipofu asingeiacha," alisema. "Mtu yeyote anayesoma nota angejua inatoka wapi na inaenda wapi."

"Basi aliyechukua hasomi nota. Anautambua wimbo kwa maneno yake. Penye maneno pana wimbo, pasipo na maneno ni karatasi. Ufunguo wako unalala wapi?"

"Nyumbani. Kwenye msumari, jikoni."

"Nani wanaishi nyumbani?"

"Mimi, wifi, na binti yetu. Mtoto wa marehemu kaka. Mama yake mzazi aliachana na kaka akahamia mbali, wifi ndiye aliyemlea tangu ana miaka mitano. Ndiye anayeigiza Binti." Kisha akaelewa anaulizwa nini. "Afande, nyumbani kwangu hakuna mwizi."

"Sijasema mwizi. Nipe simu yako, twende."

Getini Inspekta alimtanguliza Mama Nota garini, akarudi kwa bawabu.

"Jumanne, kabla ya Mnakili, daftari halina mtu."

"Hakukuwa na mtu, Afande. Labda wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Wenye mchezo wao. Wale siwaandiki, ni wenyewe."

"Mwenyewe gani aliingia?"

"Mama Maneno. Saa kumi na mbili na nusu. Alisema amesahau miwani." Bawabu alijikuna shingo. "Alikuwa ameivaa kichwani, lakini mimi ni nani nimwambie."

"Jana polisi walipokuja hukusema?"

"Waliuliza nionyeshe daftari. Nikawaonyesha daftari."

* * *

Kamba ilikatiza sebule kutoka dirishani mpaka juu ya kabati, na ili kufika kwenye kiti ilibidi uiname. Vipande vya karatasi vilining'inia kwa makumi. Mama Maneno alikuwa mwanamke mdogo, mwenye mabega yaliyopinda kwa kukaa mezani, miwani juu ya nywele. Alipomwona wifi yake nyuma ya Inspekta, akajua hawakuja kunywa chai. Hata hivyo aliileta.

Kutoka chumba cha nyuma sauti ya msichana ilikuwa inapanda ngazi za nota na kushuka.

Inspekta alimwomba Mama Nota akae jikoni na asiseme kitu. Akatoa daftari lake.

"Sitakusumbua sana, mama. Nataka kujua kama Mnakili aliweza kuunakili ule wimbo kabla hajakamatwa. Wewe uliuona ulipokamilika?"

"Mimi? Nota kwangu ni sisimizi kwenye karatasi. Nangoja uimbwe, ndio najua tumetunga nini."

"Kwa hiyo hukuziona kurasa zenyewe."

"Sikuziona."

"Ninavyofikiria mimi, kazi yote ile ingemchukua siku mbili."

"Siku mbili?" Mama Maneno alishusha miwani kama mtu aliyeona kosa kwenye maandishi ya mwenzake. "Humjui yule. Kurasa saba anamaliza kabla ya chakula cha mchana."

Inspekta aliandika. Aliandika polepole, akatia nukta.

"Wifi yako aliripoti nane. Mnakili kasema nane. Faili la polisi linasema nane. Kwamba ni saba nimelijua mimi leo saa nne, nimepiga magoti ukumbini, na wifi yako alikuwa nami, na simu yake ninayo mimi. Nani kakwambia saba?"

Chumba cha nyuma msichana alianza ngazi upya.

Mama Maneno alikaa. Alivua miwani, akaishika mapajani.

"Ya nane ilikuwa wapi?"

"Mle mle ulimotoa zile saba. Haikuwa na maneno."

"Haikuwa na maneno," Mama Maneno alirudia, na karibu acheke. "Miaka kumi na tisa wifi ananiambia nijifunze kusoma nota."

"Ziko wapi?"

"Kwenye droo ya cherehani. Chukua. Sema zimeonekana nyuma ya piano, zilidondoka. Mwachie yule baba aende kwake. Mimi sikujua watamkamata, Afande. Nilidhani wifi atahangaika siku moja, atakasirika, halafu tutatunga wimbo mwingine. Tuna mpaka Jumamosi. Tumeshawahi kutunga wimbo kwa siku moja."

"Alikamatwa jana saa nne. Umejua tangu jana saa nne."

"Nimejua."

"Nikisema zimeonekana nyuma ya piano, unajua watu watasema nini? Watasema alibanwa, akamtuma mtu azirudishe. Kesho hana kazi. Nahitaji maelezo yako, na saini, na sababu. Bila sababu mwendesha mashtaka ataona ni mawifi wawili wanaofichiana mambo."

"Sababu siwezi."

"Basi mimi naondoka na kurasa saba na faili lile lile."

Mama Nota hakuweza kukaa jikoni zaidi ya hapo. Alisimama mlangoni, kichwa kimeinama chini ya kamba.

"Wifi, si ungeniambia tu."

"Nilikuambia Jumapili. Ukasema kamba ni kamba."

"Hukusema kwa nini."

"Ungeniuliza?"

Mama Nota alishika kibanio kilichokuwa karibu na kichwa chake.

Mama Maneno alimgeukia Inspekta, akasema mambo yake kama mtu anayesoma orodha, macho kwenye miwani iliyo mapajani. Mtoto alipokuwa na miaka kumi na moja ilikuja barua kutoka kwa mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa anaumwa. Aliomba mtoto apelekwe kwake likizo, wiki mbili tu, amwone. Baba mtu alikuwa safarini. Barua aliipokea yeye.

"Nilikuwa nimemlea miaka sita. Nikaogopa akienda hatarudi. Nikasema nitampa likizo ijayo. Likizo ijayo mama yake alikuwa ameshakufa. Siku ya msiba mtoto akaniuliza, mama hakuwahi hata kuniulizia? Nikamwambia alikuwa mgonjwa sana." Alipumua. "Hilo ndilo jibu alilokulia nalo."

"Na wimbo?"

"Nilikuwa naandika wa mama wa kambo. Ijumaa ile mistari ikatoka yenyewe, ya dirisha na njiwa, na mingine ambayo si ya njiwa hata kidogo. Niliyasema kama nilivyoyafanya, mpaka maneno ya ile barua. Nikaibana kwenye kamba niitazame tu. Nilikusudia kuishusha kabla sijalala. Nikasinzia kwenye kiti. Asubuhi wifi ameshaamka, ameshakwenda nayo kwenye piano." Alinyosha mkono kuelekea kwenye kamba bila kuiangalia. "Mtu mwingine angeweza kuchana karatasi. Humu ndani ikishalala kwenye kamba, imekwisha. Na Jumamosi angesimama jukwaani, mita mbili kutoka kwa yule mama anayeimba, aisikie barua yake neno kwa neno."

Sauti ya chumba cha nyuma ilikuwa imenyamaza. Hakuna aliyejua tangu lini.

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa sita kasoro dakika tano. "Mama, mimi siwezi kukuamulia. Lakini maelezo yako yatasomwa. Na mwendesha mashtaka, na yule baba akiyataka, na mwisho na mtu mwingine. Kama kuna anayestahili kusikia kwanza, ana dakika chache."

Mama Maneno aliinuka. Alikwenda kwenye cherehani, akafungua droo, akatoa kurasa saba na bahasha moja iliyobadilika rangi. Kurasa alimpa Inspekta. Bahasha alibaki nayo.

"Mwanangu," aliita. "Njoo kabla sijatia saini."

Msichana alikuwa tayari yuko kwenye korido. Alikuwa na miaka ishirini na nne, khanga kiunoni, nywele hazijasukwa bado. Aliichukua bahasha, akasoma jina lake juu yake, akatoa barua, akasoma amesimama. Alisoma mara moja, akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi.

"Mwanangu," Mama Nota alisema, "mama yako alikuwa na hofu tu, wewe ni mtu mzima, msamehe..."

"Shangazi, ngoja." Msichana alimgeukia Inspekta. "Afande, kuficha barua ya mtu ni kosa?"

"Ni kosa."

"Hata kama ni ya mtoto?"

"Hata ya mtoto. Jina ni lako, barua ni yako."

"Sitaki kufungua kesi. Nilitaka tu kusikia mtu mmoja akisema." Aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile ya zamani. Mama Maneno alikuwa amesimama kando ya cherehani, mikono haina pa kukaa. "Mama, mimi sijasema kitu. Usikae unanisubiri niseme leo."

"Sitakusubiri."

"Na yule baba yuko ndani tangu jana kwa sababu ya hii?"

"Ndiyo."

"Basi saini, tukamtoe."

Mama Maneno alisaini. Aliandika maelezo yake kwa mkono wake mwenyewe, kurasa mbili na nusu, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake Inspekta alipokea maelezo ambayo hayakuhitaji kusahihishwa popote.

* * *

Mwendesha mashtaka alisoma saa saba na dakika kumi, akakuna kidevu, akauliza kama mtu anaweza kuiba wimbo alioutunga nusu yake.

"Hawezi," Inspekta alisema. "Lakini anaweza kukaa kimya mtu mwingine akafungwa. Hilo utaliangalia wewe. Ataitika ukimwita."

Kisha akashuka chini, akafungua kitabu cha matukio, akaandika kwamba mtuhumiwa ameachiliwa, mali imepatikana. Akamgeuzia Mnakili kitabu atie saini. Mnakili alivaa miwani iliyotoka kwenye begi lake, akasoma, akaweka kalamu chini.

"Imepatikana kwa nani?"

"Maelezo yamo kwenye faili."

"Faili watu hawalisomi. Hiki kitabu kila askari anakisoma. Andika hapa."

Koplo wa zamu aliguna. Inspekta alivuta kitabu, akaandika mstari wa pili: mali ilichukuliwa na mtunzi mwenza, amekiri kwa maandishi, mtuhumiwa hakuhusika kwa namna yoyote. Mnakili alisoma tena, kidole kikifuata neno kwa neno. Akatia saini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wote kwenye ukurasa ule.

Mama Nota alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi, mkoba magotini. Mama Maneno na msichana walikuwa nje, kila mmoja upande wake wa gari. Mnakili alipopewa kamba za viatu vyake, Mama Nota alisimama.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikuita neno baya bila kufikiri. Nisamehe, ndugu yangu. Nimeshazileta kurasa zote nane, ukiwa tayari."

Mnakili alikaa kwenye benchi aliloinukia Mama Nota, akaanza kuingiza kamba kwenye kiatu, tundu moja baada ya jingine. Alikaza fundo. Akahamia kiatu cha pili. Koplo wa zamu aliacha kuandika ili asikilize. Mama Nota hakukaa.

"Jana uliniita mwizi mbele ya wapiga ala, waimbaji na mafundi wa taa," Mnakili alisema bila kuinua kichwa. "Watu ishirini na sita. Niliwahesabu wakati natiwa pingu, sikuwa na lingine la kufanya. Hapa namwona Afande na koplo."

"Mazoezi ni saa nane," Mama Nota alisema. "Watakuwepo wote."

"Wote?"

"Na bawabu nitamwita."

Mnakili alikaza fundo la pili, akasimama, akajaribu viatu kwa kupiga hatua mbili sakafuni. Akaning'iniza begi begani.

"Basi mimi nitakaa kiti cha nyuma kabisa," alisema, "na wewe hakikisha nakusikia."